Bomba Likikatwa, Hospitali Ijulishwe Kwanza

Bomba la maji likikatwa na kijiko cha mkandarasi, taarifa huenda sehemu mbili: kwa fundi wa mamlaka ya maji, atakayeliunga, na kwa mhasibu, atakayepiga hesabu ya nani alipe. Nadai katika makala hii kwamba ipo sehemu ya tatu, nayo ilistahili kuwa ya kwanza: ofisi ya Mganga Mkuu wa Halmashauri pamoja na hospitali au zahanati iliyo mwishoni mwa bomba hilo. Naandika nikiwa daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi. Mimi si mhandisi, na wahandisi watanisamehe nikivitaja vifaa vyao kwa majina ya mtaani. Hata hivyo, yanayotokea mtaroni saa nne asubuhi hunifikia mimi chumba cha upasuaji saa nane usiku, na hapo hakuna mhandisi wa kumwuliza.

Nazungumzia Newala na Masasi kwa sababu huko ndiko nilikojifunza jambo hili, na kwa sababu ardhi ya huko inachimbwa. Barabara ya kutoka Mtwara hadi Masasi kupitia Tandahimba na Newala, yenye urefu wa kilomita 210, imekuwa ikijengwa kwa lami kwa awamu. Kilomita 50 za Mtwara hadi Mnivata zilitangulia, na kilomita 160 za Mnivata hadi Masasi zikapangwa kufuata. Simjui mkazi wa huko asiyeitaka barabara hiyo. Nimepokea wajawazito waliosafirishwa kwa saa nyingi katika tope na vumbi, wengine wakiwa wamechelewa mno, na sitakuwa mtu wa kuwaambia watu wa Newala kwamba lami isubiri. Ninachokisema ni kwamba barabara haijengwi juu ya ardhi tupu. Chini yake na kandokando yake yamo mabomba, nyaya za umeme, mkongo wa mawasiliano, mashimo ya vyoo na visima vya maji ya mvua.

Msomaji asiyeujua mwinuko wa Makonde anahitaji maelezo kidogo. Juu kule hakuna mto. Mvua inanyesha vizuri, lakini ardhi ni ya kichanga na maji huzama chini sana, kisha hutokeza mabondeni, kwenye kingo za mwinuko. Vizazi vya wanawake vilishuka na kupanda kingo hizo vikiwa na mitungi vichwani. Mtu akisimama Shimo la Mungu pale Newala na kutazama bonde la Ruvuma lilivyo chini, ataelewa bila kuhubiriwa ndoo moja iligharimu nini. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilijenga mradi wa kusukuma maji kutoka bondeni kwa mashine hadi juu. Baada ya uhuru, kuanzia miaka ya 1970, Serikali ya Finland ilisaidia kuupanua mtandao wa maji vijijini katika mikoa ya Mtwara na Lindi. Maji ya mradi wa Makonde hutoka Mitema, upande wa Kitangari. Masasi, iliyoko chini ya mwinuko kati ya vilima vyake vya mawe, hupata maji ya chanzo cha Mbwinji kinachohudumia pia Nachingwea. Pamoja na hayo yote, familia nyingi za Newala bado zina kisima cha mvua uani: shimo lililochimbwa ardhini, likasakafiwa kwa saruji na kufunikwa, likivuna maji ya bati. Kila tone linalofika juu ya mwinuko ama limeteremka kutoka mbinguni na kuhifadhiwa kwa uangalifu, ama limepandishwa kwa gharama ya umeme. Bomba likikatwa huko, hakuna mto wa kukimbilia.

Miaka michache iliyopita nilikuwa katika ziara ya huduma za mkoba kwenye hospitali moja ya ukanda huo. Siitaji, wala simtaji mkandarasi, kwa kuwa sina nia ya kumshtaki mtu. Kama saa sita mchana kijiko kilikata bomba umbali usiozidi kilomita mbili kutoka lango la hospitali. Fundi aliitwa, akafunga koki, akasema ataunga kesho kwa kuwa kiungo cha ukubwa ule hakikuwapo stoo. Hayo niliyajua baadaye. Siku ile hospitalini hakuna aliyejua lolote, na kwa kuwa ilikuwa siku ya kufua, mashuka ya wodi zote yalifuliwa kwa maji ya tangi hadi jioni.

Usiku aliletwa mama mwenye uchungu pingamizi, mimba yake ya nne, mtoto amekwama. Nilikwenda kunawa kwa ajili ya upasuaji. Bomba lilikohoa mara mbili, likatoa hewa, likanyamaza. Muuguzi wa chumba cha upasuaji, mama mtu mzima ambaye hata mganga mfawidhi humwita Mama, hakupoteza muda kulalamika. Aliwatuma ndugu wa mgonjwa wakabishe nyumba ya jirani yenye kisima cha mvua. Walirudi na madumu matatu. Tulinawa kwa kumiminiana kwa jagi, kama watu wanavyonawa kabla ya kula msibani. Kulikuwa na seti moja tu ya vyombo vilivyokwisha kutakaswa. Mashine ya kutakasia inahitaji maji, na angekuja mama wa pili usiku ule tungelazimika kumsafirisha gizani.

Mtoto alilia. Mama alipona, lakini siku ya tano mshono ulitoa usaha, akakaa wodini siku kumi na tisa akiwa na watoto watatu nyumbani. Siwezi kuapa kwamba ni kwa sababu ya maji. Uchungu uliochelewa peke yake huleta maambukizi, na mtabibu mwaminifu hachagui chanzo kinachompendeza. Ninachoweza kuapa ni kwamba simu moja ya saa sita mchana ingetukuta na tangi lililojaa zaidi ya nusu, mashuka yangebaki machafu hadi kesho, na vyombo vingetakaswa mapema.

Tuyaweke maji hayo katika tarakimu. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa viwango vya mahitaji ya maji kwa vituo vya afya: lita 5 kwa kila mgonjwa wa nje, lita 40 hadi 60 kwa siku kwa kila mgonjwa aliyelazwa, na lita 100 kwa kila upasuaji au uzazi. Chukua hospitali ya wilaya yenye wagonjwa 80 wodini, wagonjwa wa nje 200, na uzazi na upasuaji 10 kwa siku. Wodini peke yake ni lita 4,000 ukishika wastani wa 50. Wagonjwa wa nje lita 1,000. Uzazi na upasuaji lita 1,000. Jumla ni lita 6,000, na kufua ni nje ya hesabu hiyo. Tangi la lita 10,000 likiwa limejaa halifikishi siku mbili. Likiwa robo, haliufikishi usiku.

Hilo ni tatizo la maji kukosekana. Tatizo la maji kurudi ndilo linalonitia hofu zaidi, kwa sababu watu hulipokea kwa vigelegele.

Bomba lililojaa maji yenye msukumo hujilinda lenyewe. Likiwa na ufa, maji hutoka nje. Uchafu wa udongoni haupati njia ya kuingia. Msukumo ukianguka, mambo hugeuka. Katika nchi ya miinuko, bomba likikatwa mahali pa chini, maji yaliyoko juu hushuka yote kuelekea penye tundu, na sehemu za juu hubaki tupu na kuanza kuvuta, kama mtu anyonyavyo mrija. Kila ufa mdogo na kila kiungo kilicholegea huwa mdomo. Kama kiungo hicho kimelala katika tope, au hatua chache kutoka shimo la choo, kinachovutwa ndicho kitakachotoka bombani asubuhi ya pili. Palipo na mgawo wa maji jambo hili hutokea hata bila kijiko; kijiko huliongezea ukubwa. Na tundu lenyewe la mtaroni, linapokaa wazi usiku kucha huku mvua ikitiririsha tope ndani, halihitaji maelezo ya kitaalamu.

Nimewahi kuambiwa na mhandisi mmoja, mtu ninayemheshimu, kwamba madaktari tunatia chumvi: maji yakifunguliwa yakatiririka kidogo, uchafu hutoka wote. Nilimjibu kwa kisa cha mji mdogo wa Cabool katika jimbo la Missouri, Marekani. Mwishoni mwa mwaka 1989, katika baridi kali, mabomba makuu mawili yalipasuka na mita kadhaa za maji zikabadilishwa. Maji ya mji ule hayakuwa yakitiwa klorini, na kazi ilifanywa kama ilivyozoeleka. Kufikia Januari 1990 watu 243 walikuwa wameugua kuhara, baadhi yao kuhara damu, kwa bakteria aina ya E. coli O157, na wanne wakafariki. Huo ulikuwa mji wa watu wapatao elfu mbili tu, katika nchi tajiri, wenye maji ya kisima kirefu yaliyoaminika kuwa safi. Tanzania ilipata mlipuko mrefu wa kipindupindu ulioanza Agosti 2015. Sisemi kwamba uliletwa na mabomba ya kukatwa. Nasema kwamba katika nchi ambako vimelea vya kipindupindu, homa ya matumbo na homa ya ini hurudi mara kwa mara, bomba lililoungwa bila klorini ni mlango ulioachwa wazi na mtu anayejua kuna wezi.

Sasa nani alaumiwe? Watu wengi humrukia dereva wa kijiko. Mimi nimekaa na madereva hao, nimewatibia wake zao, na sikubali. Dereva amekabidhiwa picha ya barabara itakavyokuwa. Hakupewa picha ya ardhi ilivyo. Mabomba mengine yalilazwa kabla baba yake hajazaliwa. Mengine ni ya plastiki, na kifaa cha kutambua chuma hakiyaoni, labda uwe umelazwa pamoja nayo waya wa shaba. Tena greda zimeiparura barabara ya udongo kwa miongo mingi na mvua imeichimba, hivyo bomba lililofukiwa kwa kina cha kutosha zamani leo limefunikwa na udongo wa kina cha mkono tu.

Picha ya ardhi ilivyo ipo, lakini ipo vichwani mwa wazee. Katika ziara ileile nilimtembelea fundi mstaafu wa maji, mzee ambaye wauguzi vijana wa pale humwita mjomba. Nilimwuliza kwa nini bomba lile lilikuwa katikati ya njia ya mashine.

“Mwanangu daktari,” alinijibu, “bomba halikuingia barabarani. Barabara ndiyo iliyolifuata bomba, kisha ikalipanda.”

Akanichukua kwa miguu. Alihesabu mikorosho iliyopandwa kando ya njia, na kwenye mkorosho wa tano akachokonoa mchanga kwa fimbo hadi ikagonga kifuniko cha chuma cha koki ambayo, kwa maelezo yake, haikuwa imeguswa tangu alipostaafu. Koki hiyo ingefungwa siku ile, hospitali ingeendelea kupata maji kutoka upande wa pili. Kijana aliyerithi kazi yake hakujua kuwa ipo. Nilimwuliza mzee kama aliulizwa na yeyote kabla ya kazi ya barabara kuanza. Alicheka.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaodhani dawa ni kununua mitambo mipya. Vifaa vya kutambua mabomba na nyaya ni vyema, vinunuliwe. Marekani ina namba moja ya simu ya kitaifa, 811, iliyoanza mwaka 2007, ambayo kila anayetaka kuchimba huipiga kwanza, kisha wenye mabomba na nyaya huja kupaka rangi ardhini: buluu kwa maji ya kunywa, nyekundu kwa umeme, njano kwa gesi, chungwa kwa mawasiliano, kijani kwa majitaka. Napenda siku moja tuwe na kitu kama hicho. Lakini Newala haihitaji kuisubiri siku hiyo. Mkandarasi amlipe fundi mstaafu posho ya wiki mbili atembee njia nzima pamoja na kijana wa mamlaka ya maji na mpima ardhi, wakipigilia vigingi. Palipo na kigingi, kijiko kikae mbali na shimo lichimbwe kwa jembe na sepeto mpaka bomba lionekane kwa macho. Gharama yake hailingani hata na siku moja ya mashine kusimama ikisubiri bomba liungwe.

Bomoabomoa ina hatari yake ambayo haizungumzwi kabisa. Nyumba zilizo ndani ya hifadhi ya barabara hupigwa alama ya X nyekundu, muda ukifika hubomolewa. Umeme hukatwa kwanza kwa sababu kila mtu anauogopa. Maji hayaogopwi. Mita hung’olewa, wakati mwingine na mwenye nyumba mwenyewe asije akadaiwa, na kipande cha bomba hubaki kikichungulia katika kifusi, kimekunjwa na kufungwa kwa mpira wa baiskeli. Shimo la choo cha nyumba hiyo nalo limebomoka na kujaa maji ya mvua, hatua tatu kutoka hapo. Msukumo ukianguka, kipande hicho huvuta. Kwa hiyo naona ni lazima maungio ya nyumba inayobomolewa yafungwe kwenye bomba kuu lenyewe, na fundi wa mamlaka, kabla ukuta wa kwanza haujaanguka. Choo kinyonywe au kitiwe chokaa na kufukiwa. Na kisima cha mvua kifukiwe kabisa. Kisima kilichofunikwa kwa kifusi huonekana kama ardhi ngumu hadi mtoto au lori lipite juu yake.

Ndani ya uzio wa hospitali zetu wenyewe tusijifanye wasafi. Tunabomoa wodi za zamani na kujenga mpya bila kujua bomba la oksijeni linalotoka kwenye mtambo linapita wapi. Waya wa jenereta umefukiwa na fundi ambaye hayupo, bila utepe wa tahadhari juu yake. Vipande vya mapaa na mabomba ya zamani ya saruji yenye asbesto huvunjwa kwa nyundo na vibarua wasio na kinga puani, ilhali vumbi lake huleta saratani miaka ishirini au arobaini baadaye, wakati hakuna atakayekumbuka jengo lile. Vipande hivyo vilowanishwe maji, vitolewe vikiwa vizima, vifungwe kwenye plastiki nene na kuzikwa mahali palipoidhinishwa. Na kibarua akipigwa na umeme shimoni, asiguswe kabla umeme haujakatwa. Nimeona mmoja akifa na wa pili akiungua mikono kwa kumshika mwenzake.

Taarifa yenyewe ninayoidai ni fupi: bomba limekatwa wapi, saa ngapi, litaungwa lini, nani hatapata maji. Apigiwe Mganga Mkuu wa Halmashauri na mganga mfawidhi wa kila kituo kilicho kwenye njia hiyo, ndani ya saa moja, na mtu mwenye jina, si “ofisi.” Baada ya kuunga, bomba lioshwe, litiwe klorini, na Afisa Afya apime mabaki ya klorini kwenye bomba la mwisho kabla watu hawajaambiwa wanywe, yasipungue miligramu 0.2 kwa lita, na kukiwa na mlipuko, 0.5. Kipimo hicho huchukua dakika chache na hakihitaji maabara. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 tayari inalinda miundombinu ya maji dhidi ya uharibifu. Sitafuti sheria mpya. Natafuta namba ya simu ya mganga mfawidhi iandikwe katika daftari la msimamizi wa eneo la ujenzi.

Lawama nyingine ni yetu. Halmashauri huitisha vikao kabla kazi ya barabara haijaanza, na hualika idara mbalimbali. Sisi wa afya hutuma mwakilishi wa kusaini mahudhurio. Kikao cha dharura cha kipindupindu twajaa hadi viti havitoshi.

Kwa wewe unayesoma ukiwa nyumbani: maji yakirudi baada ya kukatika kwa ajili ya uchimbaji, yaache yatiririke hadi yawe maangavu, na hayo ya mwanzo tumia kwa choo au bustani. Ya kunywa yachemshe mpaka yatokote kwa nguvu, kwa siku kadhaa, hata kama hayana rangi wala harufu. Mtoto akianza kuhara, mpe maji ya ORS, pakiti moja kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, na mpeleke kituoni apatiwe pia madini ya zinki, ambayo huendelea kupewa kwa siku 10 hadi 14 hata kuhara kukikoma mapema. Kuhara kwa maji mengi kama ya mchele, kwa mtu wa umri wowote, hakusubiri asubuhi. Wewe muuguzi wa zamu, ukiona wagonjwa watatu wa kuhara kutoka mtaa mmoja, waulize kama kumechimbwa.

Katika hospitali ile niliyoizungumzia, Mama wa chumba cha upasuaji amebandika ukutani, juu ya sinki, karatasi aliyochorewa na mzee fundi kwa kalamu ya risasi. Ina mikorosho, koki tatu, kanisa na msikiti. Kijana wa mamlaka ya maji alikuja kuinakili. Wanapanga kutembea njia yote pamoja na mzee, ila amewaambia wafanye hivyo kabla ya Oktoba. Korosho zikianza kuanguka atakuwa shambani, na simu yake huko haishiki mtandao.